Kutunza Watu Wazima kwa Mshahara: Je, Ni Kazi ya Heshima?



Kijana akisema nyumbani: «Nataka kuwa mwalimu», wazazi wanafurahi. Akisema: «Nataka kuwa munganga», wanafurahi zaidi, hata majirani wanapewa habari. Lakini akisema: «Nataka kazi ya kutunza watu wazima wasiojiweza, kuwaosha, kuwalisha na kukesha karibu nao», kimya kinaingia. Baba anatazama chini. Mama anauliza: «Tulilipa masomo miaka yote hii kwa ajili ya hiyo?»

Tutazame swali hilo vizuri, bila hasira na bila kujidanganya. Kuna mambo mawili ndani yake. La kwanza: je, kazi hiyo inamfaa kijana mwenye akili na nguvu, ao ni kazi ya wale waliokosa nyingine? La pili ni gumu zaidi: mtu akilipwa mshahara kwa kumtunza mwenzake, je, bado ni mapendo, ao yamegeuka kuwa biashara? Tukijibu vibaya, watu wawili wanapata hasara: mtunzaji, ambaye watu watamzarau, na mtunzwa, ambaye ataachwa mikononi mwa wasiojua kitu.

1. Kazi yenyewe ni nini?

Tuchukue mfano wa Uingereza, kwani huko kazi hii imepangwa kwa sheria, ina mafundisho yake na wakaguzi wake. Watu wengi huko wanafikia uzee mkubwa, na watoto wao wanakaa mbali ao wanatumika mchana kutwa. Katika England peke yake, kazi za kutunza watu wazima ni zaidi ya 1,500,000. Karibu wanne katika kila wafanyakazi watano ni wanawake. Umri wa katikati wa wafanyakazi hao umepita miaka 40. Vijana ni wachache. Tena nafasi nyingi zinabaki tupu: mwaka wa 2022 nafasi zaidi ya 150,000 zilikuwa zikingoja mtu.

Usizani kwamba watunzwa wote ni wazee. Wengine ni watu wa miaka 25 ao 30, waliozaliwa na kilema cha mwili ao cha akili, ao waliovunjika mgongo katika ajali. Mezali yetu inasema: Hujafa hujaumbika. Anayetembea leo kwa kiburi hajui kesho atabebwa na nani.

Wengine wanasema: «Kumwosha mzee, ni nini basi? Hata mtoto anaweza.» Sivyo. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani, akiachwa upande mmoja saa nyingi, ngozi yake inakufa juu ya mifupa, na kidonda kile kinaweza kumwua. Mtunzaji anayejua kazi anamgeuza kwa saa zilizopangwa, anatazama visigino na kiuno, na kuandika katika kitabu yale aliyoyaona ili mwenzake wa usiku ayasome. Mtu aliyepooza upande mmoja anaweza kuwa na shida ya kumeza. Ukimlisha amelala, ao ukimharakisha, chakula kinaingia katika mapafu. Basi unamkalisha wima, unampa kijiko kidogo, unangoja, unatazama koo lake. Akiisha kumeza ndipo unampa kingine. Hata kumnyanyua mtu mzito kuna ginsi yake. Asiyejifunza ataumiza mgongo wake mwenyewe na kumwangusha mgonjwa.

Kisha kuna wale ambao akili zao zimeanza kupotea kwa ugonjwa wa uzeeni. Tufikiri mama wa miaka 85 anayesimama mlangoni kila jioni akingoja mumewe arudi kazini. Na mume alikufa miaka 20 iliyopita. Utamwambia nini? Ukimwambia: «Alikufa», anapokea habari ya kifo kana kwamba ni ya leo, analia upya, na kesho vilevile. Ukimwambia: «Yuko njiani», umesema uwongo. Mtunzaji mwenye akili anamkaribisha kitini na kumwuliza: «Mama, mumeo alikuwa mtu wa namna gani? Unieleze habari zake.» Mama anakaa, anaeleza, na moyo wake unatulia. Hakudanganywa, wala hakuumizwa. Nani atasema kwamba neno kama hilo halitaki akili?

2. Mtu mzima si mtoto

Hapa tunafika kwenye neno zito la kazi hii. Anayetunza watoto anawalea ili wakue, nao watamwacha. Anayemtunza mtu mzima anatunza mtu aliyekwisha kukua: mtu aliyejenga nyumba, aliyeamuru wengine, aliyezaa, aliyezika. Mwili wake umekuwa zaifu, lakini yeye hakurudi kuwa mtoto. Anaweza kuvaa nepi, na bado yeye ni baba ya watu.

Kwa sababu hiyo, kuna hatari mbili. Ya kwanza ni kumwacha, kusema: «Ni mzee, anangoja kufa.» Hatari hiyo watu wote wanaiona. Ya pili imejificha, kwani inavaa nguo ya wema: ni kumfanyia kila kitu, kumchagulia kila kitu, kumsemea kila mahali. «Babu atakula hiki. Babu hataki kutoka. Babu atalala sasa.» Hakuna aliyemwuliza babu.

Uingereza ilitunga sheria juu ya jambo hilo mwaka wa 2005. Sheria hiyo inaamuru kwamba kila mtu mzima ahesabiwe kuwa anaweza kujiamulia mambo yake, mpaka ionekane wazi kwamba hawezi. Tena inasema, mtu asihesabiwe kuwa hana akili ya kuamua kwa sababu tu ameamua jambo lisilo la busara. Mufikiri maneno hayo. Mzee mwenye miguu zaifu anataka kutembea bustanini peke yake. Anaweza kuanguka. Mtunzaji amfungie mlango? Ni salama. Lakini je, ni haki? Mtu aliyefungiwa kwa usalama, ana tofauti gani na mfungwa?

Basi mtunzaji anatafuta njia nyingine. Anamwonyesha hatari, anamtafutia fimbo nzuri, anatembea nyuma yake hatua chache, na kumwacha aende. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kufunga mlango kwa ufunguo. Inataka kijana ajue kuweka pamoja vitu viwili vinavyogombana kila siku: ulinzi wa mtu na uhuru wake. Wenye hekima wameshindana juu ya swali hilo katika vitabu vyao. Kijana wa miaka 20 anayetunza mzee analijibu kila asubuhi, tena kwa mikono.

3. Mapendo yanaweza kulipwa?

Sasa tuje kwenye swali letu la pili. Wako wanaosema: «Mapendo hayauzwi. Anayelipwa kwa kunitunza hanipendi. Anapenda feza zangu.» Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayakufika mwisho wa njia.

Tukumbuke habari ya Msamaria mwema katika Injili. Watu wote wanamsifu Msamaria, na ni haki. Lakini kuna mtu mwingine katika habari hiyo ambaye hatumtaji: mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alimfunga mtu yule vidonda vyake, akampandisha juu ya mnyama wake, akakaa naye usiku ule. Kesho yake alishika safari. Alitoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba, akaahidi kulipa zaidi akirudi kama garama itapita hapo. Basi, siku zilizofuata nani alimletea maji yule aliyejeruhiwa? Nani alibadili vitambaa vyake, na kuamka usiku akisikia kilio? Mwenye nyumba, ao watu wake, na alilipwa. Msamaria hakumwambia: «Fanya bure kwa ajili ya mapendo.» Alijua kwamba mwenye nyumba naye anakula.

Kwa hiyo mshahara na huruma si maadui. Tupambanue vizuri. Feza inanunua saa za mtu, nguvu zake na ufundi wake. Haiwezi kununua moyo wake. Bwana wa kazi anaweza kukuamuru: «Mwoshe mzee huyu saa mbili ya asubuhi.» Hawezi kukuamuru kupima maji kwa mkono wako kwanza ili yasimwunguze, kumfunika kitambaa ili asione haya, kumwita kwa jina analolipenda. Akikuamuru hayo pia, utayatimiza kwa nje tu kama moyo wako haupo. Na mtunzwa anajua tofauti, hata yule asiyeweza kusema tena. Ngozi ya mtu inatambua mkono unaofanya haraka ili umalize, na mkono unaomshika kama mtu.

Mshahara, basi, haulipi mapendo. Mshahara unayapa mapendo nafasi na wakati. Mezali inasema: Mkono mtupu haulambwi. Mtu mwenye huruma nyingi lakini watoto wake wana njaa atamtunza mgonjwa siku mbili, siku tatu. Siku ya nne atakwenda kutafuta chakula. Alipwe, naye ataweza kubaki.

Kuna mji mmoja Ubelgiji, jina lake Geel, ambao umeonyesha jambo hilo kwa muda wa miaka mamia. Tangu zamani wagonjwa wa akili walipelekwa huko kwenye kanisa la Mtakatifu Dimpna, na wenyeji wakaanza kuwapokea katika nyumba zao. Desturi hiyo haikukatika. Katika miaka ya 1930 wagonjwa zaidi ya 3,000 walikaa katika jamaa za mji huo na vijiji vyake. Siku hizi hesabu yao imepunguka sana, lakini kazi inaendelea, na mwaka wa 2023 UNESCO iliitia katika orodha yake ya desturi zilizotunzwa vizuri. Jamaa hizo zinapewa feza kidogo za kusaidia. Je, wanawapokea kwa ajili ya feza hizo? Tazama matendo: mgonjwa mmoja anakaa katika nyumba ileile miaka makumi, wenye nyumba wakifa, watoto wao wanamrizi pamoja na nyumba, na kuendelea kumtunza kama ndugu. Hakuna feza kidogo inayoweza kununua uaminifu wa namna hiyo. Lakini bila feza ile kidogo, nyumba nyingi maskini zisingeweza kufungua mlango.

4. Kijana anapata nini?

Tusiwadanganye vijana kwamba watatajirika. Hawatatajirika. Wanapata vitu vingine, na vingine vyao havipatikani mahali pengine.

Kwanza, wanapata kujua watu. Kijana wa leo anakaa na vijana wenzake, anasikia habari za vijana, anatazama simu yake. Mtunzaji anakaa na watu waliopita vita, waliojenga njia za reli, waliopenda na kufiwa. Jungu kuu halikosi ukoko. Anayesikiliza wazee miaka mitano amejifunza mambo ambayo shule haina kitabu chake.

Pili, anapata kuona matunda ya kazi yake kwa macho. Wengi wanatumika maisha yao yote bila kujua kazi yao ilimfaa nani. Mtunzaji anajua. Kijana mwenye kilema cha akili ambaye zamani mama yake alimpikia kila kitu, leo amepika mwenyewe mayai yake, amepanda basi mwenyewe, amelipa mwenyewe. Kilichukua mwaka mzima wa kufundishwa. Jambo dogo? Kwake ni ufalme.

Tatu, kazi hii ni mlango, si ukuta. Anayeanza kwa kuosha na kulisha anaweza kuwa kiongozi wa wenzake, kisha msimamizi wa nyumba nzima. Ao anaweza kurudi shuleni na kuwa mwuguzi ao munganga. Tuwape mfano wa mwanamke Mwingereza, Cicely Saunders, aliyezaliwa mwaka wa 1918. Wakati wa vita kuu ya pili alijifunza uuguzi. Mgongo ukamshinda, akaacha, akawa mfanyakazi wa kusaidia wagonjwa wa hospitali katika matata yao ya nyumbani. Mwaka wa 1948 alikaa karibu na Myahudi mmoja kutoka Polandi, David Tasma, aliyekuwa akifa mbali na kwao. Walizungumza juu ya nyumba ambamo watu wa namna yake wangeweza kufa bila maumivu makali na bila upweke. Alipokufa alimwachia pauni 500 kwa ajili ya nyumba hiyo ambayo haikuwako bado. Cicely alirudi shuleni akiwa mtu mzima, akawa munganga mwaka wa 1957, na mwaka wa 1967 akafungua huko London nyumba ya St Christopher's. Mafundisho yake juu ya kutuliza maumivu ya wanaokufa yameenea dunia nzima. Mwanzo wake ulikuwa kitu gani? Kukaa kitini karibu na mtu mmoja anayekufa, na kusikiliza.

5. Miiba ya njia hii

Asiyesema miiba ni mwongo. Katika England mshahara wa mtunzaji wa kawaida ni karibu na ule mdogo kabisa unaoruhusiwa na sheria. Kazi ni ya usiku na mchana, ya Jumapili na sikukuu. Karibu mmoja katika wanne anaiacha nafasi yake kila mwaka, ingawa wengine wanahamia tu kwa bwana mwingine wa kazi hiyohiyo. Mtunzaji anapenda watu ambao watakufa, naye hana budi kuosha kitanda na kumpokea mwingine kesho. Watu wanasema: «Kazi hii haina bei», kisha wanailipa kama kitu kisicho na bei. Hiyo si heshima. Ni kujificha nyuma ya maneno mazuri. Anayesema kwamba mtunzaji ni mtu mkubwa, na asitake alipwe vizuri, hajasema kitu.

Tena kuna mwiba unaotugusa sisi Waafrika. Mwezi wa Februari 2022 Uingereza iliwafungulia watunzaji wa ngambo mlango wa kuja kutumika. Watu wengi walikwenda, kutoka Nigeria, Zimbabwe, Ghana na Uhindi hasa. Wengi wao walitumika vizuri na kuheshimiwa. Lakini wengine waliuza mashamba na kukopa ili kuwalipa madalali; walipofika hawakukuta kazi waliyoahidiwa, ao walipewa saa chache zisizotosha chakula, na deni likabaki shingoni. Mwezi wa Machi 2024 mtunzaji mpya alikatazwa kuja na mume ao mke na watoto wake. Na tangu tarehe 22 Julai 2025 mlango huo umefungwa kwa watunzaji wapya wanaoombwa kutoka ngambo. Basi, kijana, mtu akikuambia leo: «Nipe feza, nitakupatia kazi ya kutunza wazee Uingereza», shika feza zako na shamba la baba yako.

Kisha kuna neno linalouma zaidi. Wako Wakongo, Ubelgiji na inchi nyingine za Ulaya, wanaoosha kila siku mama wa wengine, na mama yao mwenyewe ni mgonjwa Bukavu, Lubumbashi ao Kalemie. Watu wa nyumbani wanawasema: «Ona, anabeba mzee wa Wazungu, na wake amemwacha.» Je, wanasema haki?

Si haki kabisa, wala si uwongo kabisa. Si haki, kwani mara nyingi feza anazozituma ndizo zinazonunua dawa za mama yule. Lakini si uwongo, kwani feza haina mikono. Haiwezi kumgeuza mgonjwa kitandani. Sherti mtu fulani awepo nyumbani. Na mtu huyo ni nani?

6. Mtunzaji asiyeonekana

Hapo tujitazame wenyewe. Tunapenda kusema: «Sisi hatuna nyumba za wazee kama Ulaya. Sisi tunatunza wazee wetu kwa mapendo, bure.» Tuulize: bure kwa nani? Katika nyumba nyingi, «sisi» ni mtu mmoja. Ni binti aliyetolewa shuleni ili akae na nyanya. Ni mke wa kijana mkubwa, aliyeolewa akakuta baba-mkwe aliyepooza. Ni dada asiyeolewa, ambaye wote wanamwambia: «Wewe huna kazi.» Huyo anaamka usiku, anafua mashuka, anavunjika mgongo, na siku ya matanga kaka zake wanaofika kutoka mbali wanakaa mbele, yeye yuko jikoni.

Basi desturi yetu si bure. Inalipwa, na mtu mmoja anailipa peke yake: kwa masomo yake, kwa ujana wake, kwa afya yake. Tunazarau kazi ya kutunza inayolipwa, kwa sababu tumezoea kuipata bila kulipa. Tukimwambia kijana aliyechagua kazi hiyo: «Ni haya», tunamwambia pia binti yule wa nyumbani: «Unayoyafanya si kitu.»

Hatusemi kwamba tuwatoe wazee wetu nyumbani. Mzee kufa katikati ya watu wake ni kitu kizuri, na watu wa Ulaya wengi wangependa kuwa nacho. Tunasema kwamba jamaa igawane mzigo. Aliye mbali atume feza za dawa, na feza nyingine za yule anayetunza, zikiitwa kwa jina lake, si sadaka ya kutupiwa. Aliye karibu aje siku moja katika juma ili yule mwingine apumzike. Binti asitolewe shuleni. Na mtunzaji afundishwe: ginsi ya kugeuza, kulisha, kuzuia vidonda. Hapa kwetu wako wanaojua mambo hayo. Heri Kwetu ya Bukavu na Shirika la Umoja la Goma zimehudumia walemavu miaka mingi. Wauguzi wako katika hospitali na vituo vya afya. Parokia ikiwaomba waje kuwafundisha vijana kumi siku chache, je, watakataa? Na vijana hao kumi, wakipewa ujira mdogo na jamaa zenye wagonjwa, wangekuwa na kazi ya kweli kijijini mwao, bila dalali na bila ndege.

7. Neno kwa vijana na kwa wazazi

Kijana unayefikiri juu ya kazi hii, ujiulize maswali matatu mbele ya zamiri yako.

La kwanza: Naweza kuona uzaifu wa mtu bila kumzarau? Kama unacheka mzee akijikojolea, usiingie bado. Kama unasikia kichefuchefu, hilo si kosa; mwili unazoea. Zarau ndiyo isiyozoea.

La pili: Naweza kumwacha mtu mzima awe mtu mzima? Kuna watu wanaopenda wagonjwa kwa sababu wagonjwa hawawezi kuwakataza. Hao hawatafuti mtu wa kumtunza, wanatafuta mtu wa kumtawala. Afazali wafanye kazi nyingine.

La tatu: Naweza kudai haki yangu? Mtunzaji anayekubali kuonewa kila siku atachoka, na mwisho uchungu wake utamwangukia mgonjwa. Kudai mshahara wa haki, saa za kulala na mafundisho ya kazi si kukosa huruma. Ni kulinda huruma isife.

Ukijibu «ndiyo» mara tatu, usione haya mbele ya rafiki zako walio katika maofisi. Karatasi nyingi wanazoziandika leo, baada ya miaka mitano hakuna atakayezitafuta. Lakini mtu uliyemrudishia heshima yake katika siku zake za mwisho hakuhitaji kungoja miaka mitano. Aliipokea siku ileile.

Na ninyi wazazi, mtoto wenu akileta habari hiyo nyumbani, msitazame chini. Mumwulize kama atafundishwa vizuri, kama atalipwa haki, kama bwana wa kazi ni mtu mwaminifu. Hayo ndiyo maswali ya mzazi. Kisha mufikiri jambo moja zaidi: siku moja ninyi nanyi mtahitaji mtu wa kuwashika mkono mkiamka kitandani. Mngependa awe nani? Yule aliyekosa kazi nyingine, ao yule aliyejua kazi hii ni nini na akaichagua?